Nilikuwa natembea kila siku, sasa nimeacha kila kitu

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, nina miaka 47, naishi Morogoro. Nina kisukari aina ya pili, niligundulika mwaka 2021. Miaka ya mwanzo nilijitahidi sana. Nilikuwa natembea kwenda shuleni na kurudi, kama dakika 35 kila safari, mimi na mwalimu mwenzangu. Chakula cha mchana nilibeba kutoka nyumbani, na chai nilikunywa bila sukari. Nikipima sukari asubuhi ilikuwa inacheza kwenye 6 na 7 (mmol/L). Februari mwaka huu mama yangu alipata kiharusi, tukamleta kwangu kwa kuwa mimi ndiye binti mkubwa. Shule yetu ni ya binafsi, likizo ilipoisha ikabidi niache kazi. Tangu hapo kila kitu kimekwenda kombo. Sitembei, namalizia chakula kinachobaki kwenye sahani ya mama, wageni wanaleta soda na mikate, usiku naamka mara tatu nne. Kliniki mara ya mwisho nilikuwa 11.4 kabla ya kula, nikasemwa mbele ya foleni nzima kwamba sijipendi. Dawa zangu ni metformin na glibenclamide. Kila Jumatatu naanza upya, ikifika Jumatano nimeshashindwa. Nifanye nini niipate tena ile hamu niliyokuwa nayo?

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole kwa kuuguza. Kazi ya kuuguza mzazi haina likizo wala mshahara, na uzito wake anaujua aliyewahi kuibeba.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo tunalotofautiana. Unauliza utaipataje tena hamu uliyokuwa nayo. Nimeisoma barua yako mara mbili na hiyo hamu siioni. Ninachokiona ni kengele ya shule. Ulikuwa unatembea dakika 35 kwenda na 35 kurudi kwa sababu ukichelewa mkuu wa shule atakuuliza, na kwa sababu kuna mwenzako anakusubiri njiani. Kwa siku tano za wiki hizo ni dakika 350. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Kiwango hicho ulikuwa unakipita, na sidhani ilikuwepo siku uliyoaga nyumbani ukisema unakwenda kufanya mazoezi. Ulikuwa unakwenda kazini.

Chakula nacho hivyo hivyo. Kibakuli ulikifunga alfajiri, ukala saa ya mapumziko, kikiisha kimeisha, kwa kuwa hapakuwa na sufuria karibu ya kurudia. Tabia zako zote zilikuwa zimetundikwa kwenye vigingi, na vigingi vyenyewe vilikuwa ratiba ya shule, rafiki wa njiani na mshahara wenye tarehe inayojulikana. Mwaka huu vimeng'oka vyote kwa mpigo. Kigingi kikichomoka ukutani na kanga ikaanguka, hatuisemi kanga kwamba ni mvivu.

Sikuambii hivi kukubembeleza. Ukiamini kilichopotea ni hamu, utakaa uingoje irudi, na hamu haina mazoea ya kutembelea nyumba yenye mgonjwa, usingizi wa mang'amung'amu na mfuko mtupu. Ukijua kilichopotea ni vigingi, basi una kitu cha kutafuta. Na humo nyumbani mwako vipo vingine, ila huvioni kwa sababu vimejificha ndani ya kazi ya mama. Nitavifikia.

Kwanza lipo la hatari, na hili lisingoje. Glibenclamide inalilazimisha kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala, na nguvu yake inaweza kukaa mwilini muda mrefu, hata siku nzima. Ulipokuwa shuleni ulikuwa unakula kwa saa. Sasa nakisia kuna siku unameza dawa asubuhi, mama anachafuka, unaanza kufua, unakuja kukumbuka chai saa tano. Hapo sukari inaweza kushuka mno, chini ya 4, na dalili zake ni rahisi kuzichanganya na uchovu: jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, hasira isiyo na sababu, akili kuzubaa. Kwa hiyo meza glibenclamide chakula kikiwa mbele yako. Kama huli, usiimeze. Zikikujia dalili hizo, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu chupa ya soda ya kawaida, upime tena baada ya dakika 15, halafu ule chakula. Waeleze wote wa nyumbani kwamba ukipoteza fahamu wasikumiminie kitu mdomoni. Wakukimbize hospitali. Na ukienda kliniki, mwambie daktari kwamba saa zako za kula zimevurugika, kwani zipo dawa zisizo na tabia hiyo ya kushusha kupita kiasi na huenda akaona heri kukubadilishia.

Upande wa pili wa hatari ni huu: sukari ikivuka 15 na ikabaki huko, au ukapata kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, kutapika au usingizi mzito usio wa kawaida, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mama atakaa na jirani.

Sasa tuitazame hiyo 11.4 iliyokufanya usemwe mbele ya foleni. Aliyekusema aliiona namba akadhani anakiona chakula. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Karine Spiegel, Eve Van Cauter na mwenzao, walichapisha jaribio walilofanya kwa vijana 11 wa kiume, wazima kabisa, wasio na kisukari. Waliwapa saa nne tu za kulala kwa usiku sita mfululizo. Chakula hakikuwa tatizo, ugonjwa hawakuwa nao, lakini miili yao ikaanza kushindwa kuiondoa sukari kwenye damu kama kawaida. Hao walikuwa vijana wenye afya na walikosa usingizi kwa siku sita. Wewe una miaka 47, una kisukari, na ni miezi. Juu ya hapo, mtu akiwa na hofu na mzigo wa moyo mwili hutoa homoni za dharura, nazo huliamuru ini limwage sukari liliyoihifadhi. Ndiyo maana unaweza kulala na njaa ukaamka na 10. Sisemi soda haina hatia. Nasema sehemu ya ile namba inatoka usiku, na hakuna ukali wa kliniki utakaoishusha mpaka ulale.

Kwa hiyo kwa hali yako usingizi unakuja kabla ya mazoezi. Wagonjwa wangu hushangaa nikisema hivi, kwani walitarajia daktari wa kisukari aanze na kutembea.

Una ndugu? Barua haikusema, lakini neno "binti mkubwa" linanipa picha ya wadogo waliopo mahali. Tatizo la binti mkubwa ni kwamba akiomba "msaada", kila mtu anatuma elfu ishirini kwa simu na roho yake inatulia. Usiombe msaada. Omba usiku. "Ijumaa na Jumamosi usiku namhitaji mtu wa kulala chumbani kwa mama." Mtu akiambiwa siku na saa, ni vigumu kujificha. Kama wako mbali, mtoto wa shangazi aliyemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani anaweza kuja kwa mwezi mmoja, na zile elfu ishirini ishirini zikawa nauli na posho yake. Usiku miwili ya kulala fofofo kwa wiki haiponyi kila kitu, ila utaona asubuhi yake unavyoukataa mkate bila vita.

Halafu wageni. Hapa nataka nikae kidogo, maana nimeona wagonjwa wangu wengi wakizamia hapa. Kwetu mtu haendi kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu. Anapita dukani anabeba soda, juisi za boksi, mkate, biskuti, kilo ya sukari. Upendo wote huo unaishia kwenye kabati la mtu mwenye kisukari ambaye yuko macho saa nane za usiku. Soda moja ya kawaida ya mililita 350 mara nyingi ina zaidi ya gramu 35 za sukari, yaani vijiko vinane au tisa vya chai. Na mgeni akija lazima chai ichemshwe, na mwenyeji hawezi kumwacha mgeni anywe peke yake. Wakija wageni watatu kwa nyakati tofauti, umeshakunywa chai tatu.

Chai ina dawa nyepesi. Wengi tunatia sukari kwenye birika au kwenye chupa kabisa, ikishaingia humo haichaguliki tena. Pika chai na tangawizi au mchaichai bila sukari, weka bakuli la sukari mezani, kila mtu ajitilie. Hakuna mgeni atakayekasirika, na wewe hutalazimika kutoa maelezo. Kama ningekuruhusu kurudisha kitu kimoja tu wiki hii, ningechagua hiki, kwa kuwa hakigharimu chochote na ulishakizoea miaka.

Ya soda na mikate yanahitaji mtu wa kukusemea. Wewe mwenyewe ukisema utaonekana una maringo. Mtafute wifi yako, au shangazi mwenye mdomo, au mama mmoja wa kikundi chenu cha kanisani au msikitini, umwombe apitishe neno: nyumba ile inahitaji pampasi za wakubwa, sabuni, mayai, mchicha, ndizi mbivu za mama, soda hapana. Watu huwa wanashukuru kuambiwa, kwa sababu hata wao huwa hawajui walete nini. Na lile jambo kubwa zaidi, kila anayeuliza "tukusaidie nini?" awe na jibu linalomsubiri: "Kaa na mama saa moja, mimi nikanyooshe miguu." Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwache mwenyeji apone kweli.

Hapo ndipo tunafika kwenye kutembea. Usijaribu kuzirudisha zile dakika 70 za kwenda na kurudi. Zilikuwa za maisha mengine. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand waliwachukua watu 41 wenye kisukari aina ya pili, wakawapa maelekezo mawili kwa vipindi tofauti: kipindi kimoja watembee dakika 30 kwa siku wakati wowote wanaotaka, kipindi kingine watembee dakika 10 baada ya kila mlo. Dakika ni zile zile. Lakini walipotembea baada ya kula, kupanda kwa sukari kunakofuata mlo kulipungua kwa asilimia 12, na baada ya chakula cha jioni, mlo ambao wengi hula wanga mwingi kisha wakaketi, kwa asilimia 22. Sababu yake haina uchawi. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini yako ni dhaifu, na muda mzuri wa kuivuta ni pale inapoingia. Kwa mtu anayemeza glibenclamide kuna faida nyingine: ukitembea ukiwa umekula, hatari ya sukari kushuka njiani ni ndogo.

Basi kigingi chako cha kwanza ni sahani ya jioni. Mama ameshakula, umeshakula, kabla hujaosha vyombo toka nje. Zunguka nyumba, au nenda mpaka kona ya duka na urudi. Dakika 10. Mvua ikinyesha, zunguka sebuleni ukiwa umeshika simu unaongea na yule mwalimu mwenzako wa njiani, ambaye nina hakika anakukosa kuliko unavyodhani. Mwambie awe anakupigia saa mbili kasoro usiku. Mlitembea pamoja miaka, sasa mtembee kila mtu kwake.

Kigingi cha pili kimejificha kwenye kitanda cha mama. Kama hawezi kujigeuza mwenyewe, bila shaka hospitali walikuelekeza umgeuze kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia. Hiyo ni kengele, mwalimu, tena haina Jumapili. Kila ukimaliza kumgeuza mchana, shika kiti, ukae na usimame mara kumi bila kujisukuma kwa mikono. Itakuchukua dakika moja. Ukiwa umemgeuza mara tano mchana, umesimama na kukaa mara hamsini, na mapaja ni misuli mikubwa yenye kula sukari nyingi. Zamani tungekuambia vipande vifupi namna hiyo havihesabiki, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 ulitaka kila kipande kisipungue dakika 10. Mwongozo wa 2020 uliliondoa sharti hilo. (Na ukimgeuza, piga magoti yako, usipinde mgongo. Mgongo ukikatika tutakuwa na wagonjwa wawili.)

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer amechunguza kwa miaka mingi namna hii ya kupanga, ya kulifunga tendo jipya kwenye tukio linalojulikana: likitokea hili, nafanya lile. Mtu anayesema "wiki hii nitatembea zaidi" ana nia tu. Anayesema "nikishatoa sahani ya mama mezani natoka nje" ameshaamua, na jioni akiwa amechoka halazimiki kuamua tena. Kwa mtu mwenye mzigo kama wako kilichoisha ni nguvu ya kuamua. Tuitunze kwa ajili ya kumgeuza mama na kuwajibu ndugu.

Sahani ya mama nayo tuiseme. Tumelelewa tusitupe chakula, na aliyepata kiharusi hula polepole, huchoka, huacha nusu. Wewe umekaa hapo na njaa, na uji umeshapoa. Nani asingemalizia? Kwa hiyo usingoje njaa ikukute na kijiko chake mkononi. Najua kula kabla ya mzazi kunakukwaza. Basi kuleni pamoja, sahani yako ikiwa imeshapakuliwa: nusu yake mboga, matembele au mchicha au kabichi, robo maharage au dagaa au yai, robo ya mwisho ugali wa ukubwa wa ngumi yako. Dona ni bora kuliko sembe, ila dona si dawa; matonge 20 ya dona bado ni matonge 20. Mama mpakulie kidogo, akitaka aongezwe. Ukipunguza chumvi kwenye chungu kimoja mnafaidi wote wawili, yeye kwa presha na wewe kwa figo. Fedha zikibana, maharage, kunde, choroko na dagaa havijawahi kuwa chakula cha matajiri, na vinamfaa mwenye kisukari kuliko vingi vya bei kubwa. Hili mwalimu unalijua, silirefushi.

Nirudi kwenye Jumatatu na Jumatano, kwa sababu ndiko unakojiumiza zaidi. Mwaka 1975 Peter Herman na mwenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa saikolojia bado wanafundishwa. Waliwapa watu kinywaji kitamu cha maziwa, kisha wakawaachia aiskrimu wale watakavyo. Wasiojinyima chakula kwa kawaida walikula kidogo, kwa kuwa walishashiba. Wanaojinyima walifanya kinyume: waliokunywa kile kinywaji walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao ambao hawakukinywa. Kwa nini? Walihesabu kwamba siku imeshaharibika. Herman na Janet Polivy baadaye waliipa hali hiyo jina la Kiingereza, lakini Kiswahili kilikuwa nalo zamani: liwalo na liwe. Jumatano unakula maandazi mawili. Madhara ya maandazi mawili ni madogo. Madhara makubwa yanakuja na ile sauti inayosema "nimeshashindwa, nitaanza Jumatatu", kwa sababu inakupa siku nne nzima za ruhusa.

Kule London, Phillippa Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia moja mpya, kama kula tunda kwenye chakula cha mchana au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Ilichukua kwa kawaida siku kama 66 tabia kujiendesha yenyewe, lakini kulikuwa na wa siku 18 na aliyekadiriwa siku 254. Kilichonifurahisha mimi ni kingine: mtu aliyekosa siku moja hakuharibu chochote cha maana. Safari iliendelea pale ilipokuwa. Wewe umeshika daftari la mahudhurio miaka mingi. Mtoto akikosa siku moja humfuti shule, wala humwambii arudi darasa la kwanza. Unaweka alama, kesho yake ukimwona unaendelea na somo. Chora daftari lako hilo, karatasi moja ukutani, mistari miwili tu: kutembea baada ya chakula cha jioni, chai bila sukari. Siku uliyokosa iache wazi. Alhamisi inafaa kuanza kama Jumatatu.

Kuteleza si kuanguka, unawaambia wanafunzi. Mimi mwenyewe nimeteleza. Miaka kadhaa iliyopita nilimuuguza baba yangu, na mimi ambaye kutwa nawahubiria watu mboga, nilikula chipsi mayai nje ya wodi kila usiku kwa miezi miwili. Niliongezeka kilo saba. Nilikuwa na elimu yote ya lishe niliyosomeshwa na haikunisaidia kitu, kwa sababu saa tano usiku pale nje palikuwa na chipsi tu na mimi sikuwa nimebeba chakula. Aliyenitoa huko ni dada yangu aliyeanza kuniletea chakula kwenye chombo, sikuongeza dhamira hata chembe. Tangu hapo nimepunguza kuwasema wagonjwa, na ningependa aliyekusema wewe naye aanze kuuliza "nyumbani kuna nini?" kabla ya kutoa hukumu.

Ila usiikimbie kliniki kwa sababu ya aibu ile. Nimeona watu wengi wakipotea miezi baada ya kusemwa, wakarudi na kidonda mguuni. Ukienda safari hii, kabla hawajakuuliza namba sema: "Namuuguza mama mwenye kiharusi tangu Februari, silali." Sentensi hiyo inapaswa kuandikwa kwenye faili lako kama dawa zinavyoandikwa. Uliza kama wanaweza kukupima HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi miwili mitatu kwa ujumla, maana kipimo cha asubuhi moja kinaweza kuwa kimebeba usiku mmoja mbaya. Na kama una mashine ya kupimia sukari nyumbani lakini stripu zake ni ghali, usizimalize kwa kupima kila asubuhi na kuhuzunika. Chagua siku mbili kwa wiki, upime kabla ya chakula cha jioni na saa mbili baada yake, wiki moja ukitembea, wiki nyingine ukikaa. Ukiona siku za kutembea inabaki chini ya 10 na siku za kukaa inapita, hutahitaji maneno yangu tena. Miguu yako itazame kila unapoosha ya mama.

Kuna jambo sitaki lipite. Katika wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi umejikuta huna raha na chochote, hata vile ulivyovipenda? Je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, hilo huenda limevuka uchovu. Linaweza kuwa sonona, inayowapata sana wenye kisukari na wanaouguza, na wewe ni wote wawili. Ina matibabu. Lisemee kliniki kama ungesemea kidonda. Na likikujia wazo la kwamba heri usingekuwepo, usilifiche hata siku moja, mwambie mtu wa karibu akufikishe hospitali.

Kilo usizitazame mwaka huu. Tukifanikiwa kuizuia sukari isipande na kukurudisha kwenye 8 hivi wakati unamuuguza mzazi, kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa, na kushuka zaidi tutakuzungumza ukishapata nafasi ya kupumua.

Niandikie baada ya kliniki ijayo. Pamoja na namba ya sukari, uniambie na hili: ni usiku ngapi ulilala bila kuamka, na ni nani alikuwa chumbani kwa mama.